Madume Mia Sita Kwenye Deli

Kila ninayekutana naye tangu nirudi ananiuliza yaliyonikuta huko Usukumani, na kila mmoja anataka nianzie pale alipoambiwa na mwenzake kuwa panachekesha. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nimeona niandike yote mara moja, mpokezane karatasi, mimi nipumzike. Habari za barua, vibali na mihuri nimeziruka. Anayezitaka aende ofisi yoyote akakae benchi, atazipata za kumtosha.

Kwa wale ambao hadi leo mnadhani nafanya kazi hospitali: sisi tunafuga mbung'o. Nchi nzima inawaua, sisi tunawalisha damu ya ng'ombe na kuwatunza kama mayai. Madume tunawapiga mionzi ili mbegu zao zisizalishe, kisha tunawaachia porini wakawatafute majike. Jike la mbung'o hupandwa mara moja tu, au pengine mara mbili, maishani. Akimpata dume wetu, hazai tena, na baada ya muda pori linabaki bila mbung'o wa kuwatia ng'ombe ugonjwa. Ndiyo kazi yenyewe, na mama mkwe wangu bado haamini kuwa nalipwa kwa ajili yake.

Safari hii nilitakiwa kufikisha madume mia sita Kimali, wilaya ya Meatu, wakiwa hai. Nikifika niwaachie, kisha nitege mitego siku nne nione wangapi watanaswa wakiwa wazima. Tuliwapaka poda nyekundu mgongoni ili nisiwachanganye na wa porini. Wakionekana wa kutosha, Kimali wangeletewa madume wetu msimu mzima. Wasipoonekana, mzigo ungekwenda wilaya nyingine iliyokuwa inangoja zamu, na Kimali waendelee kupoteza ng'ombe wao.

Tanga hadi Singida

Gari la mradi lilikuwepo. Lilikuwa na kazi nyingine muhimu ambayo sikuambiwa ni ipi, kwa hiyo mbung'o wangu walipanda basi kama wananchi wengine. Niliwatia kwenye vikasha vya wavu, vikasha nikavipanga ndani ya deli, lile lile la wauza aiskrimu, juu yake magazeti, juu ya magazeti barafu. Wakiwa kwenye ubaridi wanalala tu. Wakiganda wanakufa, na wakipata joto wanaamka, wanajigonga kwenye wavu mpaka wanakufa vilevile. Kazi yangu ilikuwa kuwaweka katikati kwa zaidi ya kilomita elfu moja.

Nawakumbusha kwamba siku hizi tuna uhuru wa biashara. Zamani basi lilikuwa moja na lilikuwa linaharibika. Sasa yako kumi, yana rangi na muziki, yote yanaharibika, na abiria ana haki ya kuchagua. Mimi nilichagua lenye viti vya kitambaa.

Hatujafika Arusha, mama wa kiti cha pili alikuwa ameshaniagizia barafu mbili, ya embe na ya ukwaju, za wanawe. Nikamwambia siuzi. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi nyuma kama watoto wake hawana hadhi ya barafu zangu. Basi, kwa kuepusha shari, nikafunua kifuniko nikamwonyesha. Lilikuwa kosa. Konda akaja, akatazama, akaniuliza kama wako hai. Nikasema wako hai. Akauliza kama wanauma. Nikasema wanauma, lakini leo wamelala. Gari likasimamishwa.

Walijadiliana kando ya barabara karibu saa nzima. Mzee mmoja mstaafu alisema amelipa kodi miaka thelathini ili hao wadudu waishe, na leo anawakuta wanapanda gari kwa nauli ya serikali. Mwishowe iliamuliwa kifuniko kifungwe kwa kamba na mimi nihamishiwe mbele, pembeni ya dereva, ili wakitoka waanze na wahusika. Hapo mbele ndipo pana nafasi ya miguu kuliko kiti kingine chochote ndani ya basi, kwa hiyo sikulalamika.

Singida hadi Shinyanga

Singida nilipata barafu kwenye baa yenye friji mpya na bia za kutoka nje za kila rangi. Mwenye baa alinipa bure, akaomba tu kuwaona. Akawatazama sana, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba kumfanyia dume mambo hayo kisha kumwachia atembee ni ukatili.

Chini ya mlima Sekenke basi letu la pili likatumia uhuru wake. Kitu fulani kilikatika chini, dereva akaingia uvunguni, akatoka na kipande cha chuma, akakiangalia kwa namna ambayo sote tulielewa. Tulikaa pale saa saba. Akina mama wakaibuka porini na mayai ya kuchemsha na kuku wa kuchoma. Kuku wangu nadhani alikufa kwa uzee na akasubiri wateja muda mrefu. Nilimtafuna nikamwacha alivyokuwa.

Kufika saa nane mchana barafu yote ilikuwa maji, na deli likaanza kunguruma. Mwanzoni ilikuwa sauti ndogo. Baadaye hata waliokuwa mbali waligeuka. Niliogopa kweli, siwafichi. Nililibeba deli hadi kwenye kalavati, nikaliweka kivulini penye upepo, nikavua kanga yangu ya juu nikailowesha kwa maji ya kunywa, nikalifunika. Kanga ikikauka naloweka tena. Yule mzee mstaafu wa basi la kwanza, naye alikuwa amehamia hili, akaja kimya kimya, akanipa dumu lake la maji, akakaa akinisaidia kupepea kwa kofia. Hakusema tena neno juu ya kodi. Sauti ikapungua, wakalala. Nilipohesabu nilikuta wamekufa arobaini na kitu, nami nikashukuru Mungu kwa waliobaki.

Shinyanga hadi Bariadi

Ilikuwa msimu wa pamba. Tangu ununuzi ulipofunguliwa kwa kila mwenye mzani, barabara ya Maswa imejaa malori ya watu wanaokimbizana kufika kijijini kabla ya wenzao. Nikapata lifti kwenye lori moja. Dereva, kijana wa Maswa aitwaye Shija, aliniambia ni mwendo mfupi tu, tena alikuwa na haraka. Haraka hiyo ilitufikisha hadi kwenye foleni ya kiwanda cha kuchambua pamba pale Maswa. Tulikaa hapo kutwa, yeye akiwa amelala chini ya lori na mimi nikizunguka mji kutafuta barafu. Niliipata kwa muuza samaki. Kuanzia hapo madume wangu walinukia sato.

Bariadi tulifika siku ya pili asubuhi, na siku hiyo ilikuwa lazima wale. Maabara tunawalisha kwa utaratibu maalumu, kwenye sinia zenye damu ya vuguvugu. Bariadi palikuwa na mbuzi. Alikuwa amefungwa nyuma ya gesti akisubiri kuwa supu ya jioni, na mama mwenye gesti alikubali nimwazime kwa sharti nimrudishe na damu ya kutosha. Nikamnyoa kidogo ubavuni, nikambandika vikasha kimoja baada ya kingine. Wapangaji wote wakatoka na miswaki yao kuja kutazama. Mmoja aliuliza kama ni tiba ya mbuzi. Mwingine akamjibu kwamba hapana, ni utafiti, na wote wakatikisa vichwa kwa huruma, sijui walimhurumia nani kati yetu. Mbung'o walishiba, wakawa wekundu juu na wekundu chini. Supu ya jioni sikuinywa.

Bariadi hadi Kimali

Bwana Mhoja, ofisa mifugo wa Meatu, alinifuata Bariadi kwa pikipiki, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulilifunga deli nyuma yangu kwa mpira wa baiskeli, nikawa nimekaa katikati yao, yeye mbele na madume nyuma.

Njiani tulisimama mnadani, akanionyesha jinsi huduma ya mifugo ilivyosonga mbele. Zamani dawa ya ndorobo (ndivyo wanavyomwita mbung'o huko, na ugonjwa wake pia) ililetwa na ofisi yake. Sasa inauzwa juu ya turubai, kati ya biskuti na betri. Ni unga wa njano, na yeye Mhoja alishawahi kuuonja mmoja akakuta ni binzari ya mchuzi. Aliyeuuza alimwambia hajawahi kupokea malalamiko kutoka kwa ng'ombe. Baada ya Mwanhuzi nchi ikazidi kukauka, mashamba yakawa machache, na jua likiwa karibu kuzama tulipoingia Kimali kwa Mzee Masunga, mwenyeji wangu.

Kimali

Mzee Masunga ni mfupi, huvaa koti la suti ambalo suruali yake ilikwenda njia nyingine miaka mingi iliyopita. Zizi lake lina ukubwa wa kulaza ng'ombe sitini. Nilikuta watano: majike wawili, ndama mmoja na maksai wawili wa kulimia. Maksai mmoja anaitwa Sabasaba. Mwingine anaitwa Shilingi, na mzee alinieleza kuwa alimpa jina hilo enzi shilingi zote mbili, ya zizini na ya mfukoni, zikiwa na nguvu. Sasa Shilingi mbavu zilikuwa nje, manyoya yamesimama, machozi yanamtiririka. Mzee alikuwa anafikiria kumpeleka mnadani kabla hajaisha kabisa, apate walau dume dogo la kumfundisha jembe. Akimkosa Shilingi na asimpate mwingine, mvua zikianza angelima kwa mkono, yeye na mkewe, Mayu Minza, ambaye mgongo wake umeshapinda.

Asubuhi watu walikusanyika penye josho. Josho lenyewe halina dawa tangu serikali ilipoacha kuileta. Mbuzi wanalala humo, wanalipenda. Nilikuwa na maelezo yangu kurasa mbili, yaliyoandikwa vizuri. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nilipofika pale panaposema madume hawa wamehasiwa kwa mionzi, Mzee Masunga akanyoosha mkono.

"Binti yangu," akasema, "Shilingi nilimhasi mimi mwenyewe. Tangu siku ile hajawahi kugeuza shingo kumtazama jike. Hao wako watawafuata majike kwa kutumwa na nani?"

Watu wakacheka sana, na walikuwa na haki. Mimi nimesomea wadudu miaka mitatu, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza swali zuri kama lile. Nikaeleza kwamba mionzi inaharibu mbegu lakini haiondoi hamu. Kijana mmoja aliyekuwa amekalia deli akainuka. Mwingine akauliza ndorobo hao wakimuuma mtu, hamu itabaki na mbegu zitapotea? Nikasema hapana. Akina mama wakaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema watatu, na nilipowahesabu kwa majina mkutano ukatulia kidogo. Kisha wakarudi kwa maksai. Jua lilikuwa linapanda, deli limeanza kunguruma, nami nilikuwa na siku sita bila usingizi wa maana.

"Sikilizeni," nikasema. "Hawa wekundu ni wageni wenu. Msiwaue. Basi."

Nikakunja karatasi. Ukurasa wa pili, unaoeleza mitego ni ya nini, sikuusoma.

Tukaenda ukingoni mwa pori nikafungua vikasha. Wachache walianguka. Wengine, karibu mia tano, walisimama kidogo kwenye wavu, wakajitikisa, wakapaa. Mayu Minza akapiga kigelegele, na mimi, msinicheke, nilitokwa na machozi. Mchana ule nikatega mitego sita, ile ya vitambaa vya buluu na vyeusi, yenye kifuko cha wavu juu ambamo mbung'o hupanda wakanaswa.

Kesho yake nilitaka kwenda kuikagua mapema. Mayu Minza alinishangaa. Kwao mgeni hatoki na tumbo tupu, na tumbo lenyewe hupimwa na mwenyeji. Ukaletwa ugali, ukaletwa mlenda, yakaletwa maziwa mgando kwenye kibuyu, na nilipodhani tumemaliza yakaletwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa mpaka vinapigana na meno. Nilifika mitegoni saa nne. Mbung'o wa kijivu wa porini walikuwemo. Mwekundu hakuwemo hata mmoja.

Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu nikahamisha mitego miwili. Niliona kamba za vifuko zimefungwa vizuri kuliko nilivyozifunga, fundo la kufungia ndama, nikadhani Mhoja amepita kunisaidia. Siku ya nne wa kijivu walikuwa kumi na saba, mwekundu sifuri. Nilikaa chini penye mtego wa sita, nikawaza kalavati la Sekenke na yule mbuzi wa Bariadi. Niliamini kwamba niliwaua wote njiani, kwamba waliopaa walipaa ili wakafie mbele.

Mwanhuzi, na kurudi

Mhoja akanipeleka Mwanhuzi kwenye simu ya upepo. Nikamwambia bosi: sifuri. Akaniuliza mara mbili, nikajibu mara mbili. Akasema sifuri ni sifuri, nikusanye mitego nirudi, mzigo utakwenda wilaya ile nyingine, na jioni ileile angewaarifu. Bosi wangu ana sifa ya kuchelewesha kila jambo, lakini hili hakulichelewesha.

Tulirudi Kimali asubuhi iliyofuata kufungasha na kuaga. Mzee Masunga akanisindikiza hadi kwenye pikipiki, jogoo kwapani na mfuko wa matobolwa mkononi, vyote vyangu. Alikuwa anatabasamu kama mtu mwenye habari njema aliyoitunza.

"Binti yangu, usije ukafikiri wageni wako tuliwatupa," akasema. "Kila alfajiri nikipeleka ng'ombe majini napitia mitego yako yote. Nikikuta mwekundu ameingia kwa bahati mbaya, namtoa polepole, namwachia aende. Siku ya kwanza walikuwa kumi na tisa. Baadaye wakawa wengi, nikaacha kuhesabu. Hawa wa kijivu nikakuachia wewe. Uliniambia ni wageni. Siwezi kukuta mgeni wako kafungwa nikapita."

Mhoja aliinamisha kichwa akaanza kufuta miwani. Mimi nilimtazama yule mzee, vidole vyake vinene ambavyo viliwachagua mbung'o mmoja mmoja alfajiri nne bila kuwavunja bawa, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Hakukosea yeye. Alifanya nilichomwambia, kwa uangalifu kuliko mtumishi yeyote wa maabara yetu. Aliyekosea alikuwa na ukurasa wa pili mfukoni.

"Umefanya vizuri, baba," nikamwambia.

Akauliza wengine nitawaleta lini. Nikiwa bado na matumaini ya ile simu ya upepo, nikasema mvua za kwanza zikinyesha.

"Basi Shilingi simuuzi," akasema. "Nitampumzisha hadi hapo."

Mwanhuzi nilimweleza bosi kila kitu. Alicheka mpaka mitambo ikakoroma. Akasema ni kisa kizuri, niandike kwenye ripoti kwamba kuna mzee alisema. Nikamwambia huyo mzee aliwahesabu. Akasema wilaya ile nyingine wameshapokea taarifa na wameshafurahi, na idadi iliyohesabiwa na mchunga ng'ombe gizani haiwezi kwenda kwa wafadhili. Nikasema haikuwa gizani, ilikuwa alfajiri. Simu ikakatika, au aliikata, mitambo ile haielezi tofauti.

Safari ya kurudi haikuwa na lolote. Basi liliharibika, tukala, tukafika. Jogoo nilimchinja tukamla nyumbani, na waliokuja siku ile ndio waliokwenda kuwatangazia wengine habari za mbuzi wa Bariadi.

Madume wetu wako wilaya ile nyingine, naambiwa wanaendelea vizuri. Nimeanza barua kwa Mzee Masunga mara tatu. Naandika mwangaluka, salamu ya kwao, namuuliza habari za Mayu Minza, nikifika kwa Shilingi naiweka kalamu chini. Juzi redio ilitangaza kuwa mvua zimeanza Maswa, Bariadi na Meatu, wakulima waingie mashambani. Watoto walikuwa wanasubiri muziki, lakini niliizima.